Tahajia, Mtindo na Usomekaji wa Msimbo wa Kompyuta: Mfano wa Daftari la Dhahabu la Buseresere

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya mapendeleo ya mtunzi wa programu za kompyuta na usomekaji wa msimbo anaouandika. Hoja kuu ni kwamba mengi ambayo watunzi huyaita mtindo, kwa hakika, ni tahajia. Nayo yafaa yaamuliwe mara moja kwa pamoja, kisha yawekwe kando. Mtindo wenyewe hukaa kwingine, hasa katika majina ambayo mtunzi huvipa vitu anavyovishughulikia. Kwa kutumia mfano wa programu ya biashara ya dhahabu katika mji wa Buseresere, makala yanaonyesha kwamba msomaji wa msimbo huzaliwa kila sheria inapobadilika, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kumsaidia msomaji huyo ambazo hazijatumiwa vya kutosha.

1.0 Utangulizi

Katika isimu, neno msimbo limekwisha kuzoeleka kwa maana ya lugha au lahaja ambayo mzungumzaji huichagua katika mawasiliano. Katika taaluma ya kompyuta, neno hilohilo hutumika kwa matini ya maagizo ambayo mtunzi wa programu huyaandika ili mashine iyatekeleze. Wapo wasemao kodi; lakini kodi katika Kiswahili ni malipo yatozwayo na serikali au mwenye nyumba, na kwa kuwa makala haya yatagusa malipo ya serikali pia, neno msimbo ndilo litakalotumika.

Msimbo una wasomaji wawili. Wa kwanza ni mashine, ambayo hutekeleza agizo lililo sahihi hata kama limeandikwa vibaya kiasi gani. Wa pili ni binadamu: mwenzake mtunzi, mrithi wa kazi yake, au mtunzi mwenyewe baada ya miezi sita, akiwa amekwisha kusahau alichokusudia. Knuth (1984) alipendekeza kwamba programu itungwe kama insha inayomweleza binadamu kile ambacho mashine inatakiwa kufanya. Abelson na Sussman (1985) walishika msimamo unaofanana na huo kwa kumweka binadamu mbele na mashine nyuma. Msimamo huo ukikubaliwa, msimbo unakuwa matini, na maswali ambayo wahakiki wa fasihi na wanaisimu wamezoea kuyauliza kuhusu matini yanauhusu pia.

Swali la msingi la makala haya ni hili: mtunzi wa msimbo ana haki ya kuandika apendavyo kwa kiasi gani, na haki hiyo inakoma wapi? Mshairi anayetumia msamiati mgumu humwachia msomaji kazi, na huenda kazi hiyo ikawa sehemu ya starehe ya shairi. Lakini mrithi wa programu ya malipo hasomi kwa starehe. Anasoma kwa sababu kuna jambo limebadilika, na asipoelewa, mtu fulani atatozwa fedha asizodaiwa.

2.0 Msomaji wa Msimbo Hutoka Wapi?

Buseresere ni mji wa biashara katika Wilaya ya Chato, mkoani Geita, unaopakana na mji wa Katoro ulio katika Wilaya ya Geita. Ni ukanda wa wachimbaji wadogo, wakulima na wafanyabiashara, ambako Kisukuma na Kiswahili huzungumzwa bega kwa bega. Mji huo unafaa kwa mjadala huu kwa sababu moja: haukuhama mahali pake, lakini karibu kila kitu kinachoandikwa kuuhusu katika kumbukumbu za serikali na za biashara kimebadilika katika muda mfupi. Hadi mwaka 2005 eneo hilo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Mwaka huo Wilaya ya Chato ikamegwa kutoka Biharamulo, lakini ikabaki Kagera. Mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Geita, Chato ikahamishiwa huko.

Sheria ya dhahabu nayo haikutulia. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998, mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, nao ulikokotolewa kwa thamani inayobaki baada ya kutoa gharama kama za usafirishaji na usafishaji. Sheria ya mwaka 2010 iliupandisha mrabaha hadi asilimia 4 na wakati huohuo ikabadili msingi wa ukokotoaji, ukawa thamani ghafi. Mwaka 2017 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaongezwa. Mwaka 2019, kuanzia Geita mwezi Machi, yakafunguliwa masoko ya madini ambako dhahabu ya wachimbaji wadogo ilitakiwa kuuzwa.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka 2009 mnunuzi wa dhahabu wa Buseresere anamwajiri kijana kumtungia programu ya kutunza daftari lake la manunuzi. Mfano ni wa kubuni, lakini viwango na miaka iliyotajwa si ya kubuni. Kijana anaandika hivi:

    m = u * b * 0.03

Mashine inaridhika na jibu ni sahihi. Baada ya mwaka mmoja sheria inabadilika. Kijana amekwisha kwenda Mwanza kutafuta kazi nyingine, na mrithi wake anaelekezwa abadilishe mrabaha uwe asilimia 4. Anatafuta 0.03 katika programu nzima, anaikuta mahali patatu. Mahali pa kwanza ni mrabaha. Mahali pa pili ni ujira wa dalali. Mahali pa tatu ni kadirio la uzito unaopungua dhahabu inapoyeyushwa. Hakuna chochote katika msimbo kinachosema ipi ni ipi. Akizibadilisha zote, amempandishia dalali ujira na kuongeza upungufu ambao haupo. Akibadilisha moja tu, hana hakika kwamba amebadilisha iliyo sahihi. Hata akibahatika kuigusa iliyo sahihi, bado amekosea, kwa kuwa u * b katika mstari ule ilikuwa thamani iliyokwisha kutolewa gharama mahali pengine, ilhali sheria mpya inataka thamani ghafi.

Programu haitatoa onyo lolote. Hapa ndipo ilipo hatari ya msimbo usiosomeka: haukatai kufanya kazi, bali huendelea kufanya kazi iliyopitwa na wakati, au hufanya kazi mpya kimakosa, kwa utulivu uleule. Kwa hiyo msomaji wa msimbo si mtu wa kufikirika. Huzaliwa Dodoma sheria inapopitishwa, huzaliwa mpaka wa mkoa unapochorwa upya, na mara nyingi huwa mtu ambaye mtunzi hakupata kuonana naye.

3.0 Tahajia si Mtindo

Watunzi wa programu wanapobishana kuhusu mtindo, aghalabu mabishano huwa juu ya mambo haya: mistari isogezwe ndani kwa nafasi mbili, nne au nane; mabano yakae mwisho wa mstari au yapewe mstari wake; majina ya maneno mengi yaunganishwe kwa kistari cha chini, kama bei_ya_gramu, au kwa herufi kubwa, kama beiYaGramu. Mabishano haya huwa makali, na kila upande hudai kwamba wake ndio unaosomeka zaidi.

Utafiti hauungi mkono ukali huo. Miara na wenzake (1983) walipochunguza kusogezwa kwa mistari waligundua kwamba nafasi mbili hadi nne zinamsaidia msomaji kuliko kutosogeza kabisa au kusogeza mno. Kati ya mbili na nne pana uwanja wa kuchagua. Kuhusu majina, Binkley na wenzake (2009) walipata kwamba herufi kubwa za katikati zinaongeza usahihi wa kuyatambua. Sharif na Maletic (2010) walipoyafuatilia macho ya wasomaji waliona kwamba kistari cha chini hutambulika kwa haraka zaidi. Matokeo yanayopishana namna hii yanaashiria kwamba tofauti yenyewe si kubwa, na kwamba mazoea ya msomaji yana nguvu kuliko umbo lenyewe.

Wanafunzi wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali ili waielewe hali hii. Kabla ya Kiswahili kusanifiwa, tahajia ya hati za Kirumi ilitegemea mwandishi. Kitabu cha sarufi cha Steere cha mwaka 1870 kinaiita lugha hii Swahili. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inaiita Suahili. Katika hati za Kiarabu hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa vile herufi moja iliweza kusimama badala ya sauti kadhaa za Kiswahili, na msomaji alilazimika kulijua neno kabla ya kulisoma. Ndiyo maana juhudi za Mwalimu Sikujua wa Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, za kuziongezea herufi hizo alama zilikuwa na thamani kubwa: zilimwondolea msomaji mzigo wa kukisia. Msimbo wa m = u * b * 0.03 una kasoro ya namna hiyohiyo. Anayeweza kuusoma ni yule tu ambaye tayari anajua unachosema.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyosimamia tahajia ya vitabu. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Wapenzi wa Kimvita walikuwa na sababu ya kunung'unika, kwani lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi iliwekwa pembeni. Hata hivyo, usanifishaji wa tahajia haukuua mtindo. Shaaban Robert aliandika kwa tahajia ileile iliyotumiwa na makarani wa ofisi za serikali, na hakuna msomaji anayeweza kuichanganya nathari yake na barua ya karani. Mtindo wake haukukaa katika namna ya kuandika neno, bali katika uteuzi wa neno na mpangilio wa wazo.

Jamii za watunzi wa programu zimefikia hitimisho linalofanana na hilo. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ilifanya kusogezwa kwa mistari kuwa sehemu ya sarufi yenyewe, na mwaka 2001 ukaandikwa mwongozo wake wa uandishi ujulikanao kama PEP 8. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ilikwenda mbali zaidi: ina kifaa kiitwacho gofmt ambacho hupanga upya nafasi na mistari ya kila msimbo kwa umbo moja, mtunzi apende asipende. Kinachopotea ni uhuru mdogo. Kinachopatikana ni kwamba mjadala uliokuwa ukila muda wa watu umefungwa.

Haifai, lakini, kudhani kwamba tahajia ni jambo la kupuuzwa. Mwezi Februari 2014 kampuni ya Apple ilirekebisha kasoro kubwa ya usalama katika programu zake. Amri moja ya kuruka ilikuwa imeandikwa mara mbili, mstari chini ya mstari, chini ya sharti lisilokuwa na mabano. Ya pili ilikuwa imesogezwa ndani sawasawa na ya kwanza, kiasi kwamba jicho liliiona kama iko chini ya sharti, ilhali kwa mashine ilikuwa nje yake na ilitekelezwa siku zote. Matokeo yake ni kwamba hatua muhimu ya kuhakiki utambulisho wa upande wa pili wa mawasiliano iliachwa bila kufanywa. Tahajia ilimwambia binadamu jambo moja na mashine jambo jingine. Hiyo ndiyo sababu ya kuisanifu: ili isiweze kudanganya.

4.0 Mtindo Wenyewe: Majina

Tahajia ikishaamuliwa, kinachobaki ndicho mtindo halisi, na sehemu yake kubwa ni majina. Mrithi wa daftari la Buseresere hakukwamishwa na nafasi wala mabano. Alikwamishwa na ukosefu wa majina. Mstari ule ungeandikwa hivi, msomaji asingehitaji kumtafuta mtunzi:

    mrabaha = thamani_baada_ya_gharama * KIWANGO_CHA_MRABAHA

Kiwango kimepewa jina, kikaandikwa mahali pamoja, na kubadilishwa mara moja. Aidha, jina la thamani linatangaza msingi wa ukokotoaji. Mrithi anayekuja na sheria ya mwaka 2010 mkononi, inayotaja thamani ghafi, ataona papo hapo kwamba jina lililo mbele yake halilingani na maneno ya sheria. Jina zuri halimwelezi msomaji kilichomo tu. Humwonyesha pia kosa.

Utafiti kuhusu majina una sauti moja zaidi kuliko ule wa nafasi na mabano. Hofmeister na wenzake (2017) waliwapima watunzi 72 wa kitaalamu na kuona kwamba walipata makosa kwa kasi iliyozidi kwa takribani asilimia 19 pale majina yalipokuwa maneno kamili, yakilinganishwa na herufi moja moja na vifupisho. Lawrie na wenzake (2006) nao walipata kwamba maneno kamili ndiyo yaliyoeleweka vyema, ingawa vifupisho vilivyoteuliwa kwa makini havikuachwa nyuma sana. Nyongeza hiyo ni muhimu: tatizo si ufupi, bali ni kifupisho ambacho ni cha mtu mmoja. Kg ni kifupisho cha watu wote. Mr, ambacho mtunzi mmoja anakitumia kwa mrabaha na mwingine kwa mrejesho, si cha yeyote.

Vipimo vinahitaji uangalifu wa pekee. Katika machimbo, dhahabu hupimwa kwa gramu na kwa pointi, ambayo ni sehemu ya kumi ya gramu. Bei ya soko la dunia hutajwa kwa aunsi ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1035. Jina uzito peke yake haliambii kitu. Jina uzito_kwa_pointi linamzuia msomaji asizidishe kwa bei ya gramu. Anayeona kwamba uangalifu huu umepita kiasi akumbuke chombo cha Marekani cha kuchunguza sayari ya Mirihi kilichopotea mwezi Septemba 1999, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya metriki. Mnunuzi anayelipa pointi kwa bei ya gramu atakuwa amelipa mara kumi. Anayefanya kinyume chake atakuwa amempunja mchimbaji tisa ya kumi ya jasho lake.

5.0 Nyenzo za Sarufi ya Kiswahili

Majina ya mfano uliotangulia ni ya Kiswahili. Je, Kiswahili kinafaa kwa kazi hii, au ni pambo tu? Uchunguzi wa sarufi unaonyesha kwamba kina faida kadhaa mahususi, na matatizo mahususi pia.

Kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Programu hutumia majina mengi ya mambo yenye jibu la ndiyo au hapana. Katika Kiswahili jambo kama hilo ni neno moja lililokamilika: imelipwa, umelipwa, yamelipwa. Zaidi ya hayo, kiambishi cha mwanzo kinadokeza kinachozungumziwa. Palipo na ankara na mrabaha katika ukurasa mmoja, imelipwa inaielekea ankara na umelipwa unauelekea mrabaha, bila kuongeza neno.

Pili ni ukanushi. Haijalipwa na haikulipwa si sawa: ya kwanza inaacha mlango wazi, ya pili inaufunga. Katika daftari la madeni tofauti hiyo ni ya kisheria, si ya urembo, na lugha inaibeba kwa mofimu moja. Hata hivyo, majina ya kukanusha yatumiwe kwa hadhari. Msimbo unaouliza kama "si kweli kwamba haijalipwa" humlazimisha msomaji kukanusha mara mbili, na hapo ndipo anapoteleza.

Tatu ni mnyambuliko. Amri iitwayo lipa(mteja) ina utata: je, mteja analipa au analipwa? Kiswahili kina jibu tayari. Lipisha(mteja) ni kumtoza. Mlipe(mteja) ni kumpa fedha zake. Lipia(mzigo) ni kutoa malipo kwa ajili ya kitu. Mtunzi anayeifahamu minyambuliko huiondoa dhana potofu kabla haijazaliwa.

Nne ni idadi. Umoja na wingi wa Kiswahili hutofautiana mwanzoni mwa neno: mteja na wateja, mzigo na mizigo. Tofauti iko mahali ambapo jicho huanzia. Lakini ngeli ya I-ZI inaleta tatizo: risiti moja ni risiti na risiti mia ni risiti. Mtunzi asipoandika orodha_ya_risiti kwa wingi, jina moja litabeba vitu viwili, na la pili litakifuta cha kwanza bila mtu kujua.

Tano ni urefu. Kihusishi cha -a huongeza neno katika kila jina: bei ya gramu, kiwango cha mrabaha. Hili haliepukiki, na huenda ndilo linalowafanya baadhi ya watunzi wakimbilie vifupisho. Hapa uamuzi wa tahajia unaweza kusaidia: katika bei_ya_gramu kihusishi hubaki kidogo kama kilivyo katika sentensi, ilhali katika beiYaGramu kinapewa herufi kubwa na kuonekana kama neno lenye uzito sawa na nomino.

Mambo haya yote yanahitaji kanuni. Jina la amri liwe kokotoa, kukokotoa au ukokotoaji? Yote matatu ni Kiswahili fasaha. Lakini programu inayoyachanganya humfanya msomaji atafute tofauti ya maana mahali ambapo hakuna.

6.0 Lugha Gani, kwa Msomaji Gani?

Haitakuwa haki kudai kwamba kila msimbo unaotungwa Afrika Mashariki uandikwe kwa majina ya Kiswahili. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, unaendelezwa na watunzi wa mabara mengi. Una kanuni zake za uandishi zilizochapishwa, na majina yake ni ya Kiingereza. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao umetumiwa na Wizara ya Afya ya Tanzania, uko hivyohivyo. Wasomaji wake wako India, Norway, Msumbiji na Tanzania. Lugha inayowakutanisha ndiyo inayofaa.

Daftari la Buseresere lina wasomaji wengine. Mwenye duka, karani, mkaguzi na mrithi wa mtunzi wote wanazungumza Kiswahili, na istilahi za kazi yao ni za Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo neno mrabaha katika msimbo linaweza kulinganishwa moja kwa moja na neno mrabaha katika sheria. Mtunzi anayelitafsiri neno hilo kwa Kiingereza cha kukisia, kisha mrithi akalirudisha katika Kiswahili kwa kukisia tena, amefungua nafasi mbili za kupotea mahali ambapo hapakuwa na hata moja.

Ni kweli kwamba maneno ya msingi ya lugha za programu yatabaki ya Kiingereza, na msimbo wa namna hii utakuwa na ubadilishaji msimbo kwa maana ileile ya isimujamii. Hilo si ajabu kwa wazungumzaji wa ukanda huo, ambao hubadili kati ya Kisukuma na Kiswahili kwa kufuata mada na msikilizaji. Kinachotakiwa ni ubadilishaji wenye utaratibu: sarufi ya mashine kwa Kiingereza, majina ya mambo ya dunia kwa Kiswahili.

Juhudi zilizofanyika hadi sasa zimeelekezwa zaidi kwenye kile ambacho mtumiaji hukiona. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwezi Desemba 2004 programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, na kwa ajili yake istilahi nyingi zilikusanywa na kuamuliwa. Kazi hiyo ilikifikisha Kiswahili kwenye kiwambo cha kompyuta. Chini ya kiwambo, msimbo uliendelea kuwa wa lugha nyingine. Istilahi zilizokusanywa kwa ajili ya vitufe na menyu zinaweza kuwa mwanzo wa istilahi za majina, lakini hazitoshi, kwa kuwa majina ya msimbo yanahusu mrabaha, mzigo, mkopo na mgonjwa, si vitufe.

7.0 Nafasi ya Mtunzi

Je, baada ya kanuni zote hizi, mtunzi anabaki na nini? Weinberg (1971) alionyesha kwamba mtunzi huelekea kuiona programu kama sehemu ya nafsi yake, na hivyo kila anayeonyesha kosa humwona kama anamtusi. Alipendekeza kazi isomwe na wenzake mapema, na mtu atenganishwe na matini yake. Kernighan na Plauger (1974) walichukua mifano ya programu kutoka vitabu vilivyokwisha kuchapishwa, wakaonyesha kasoro zake na kuitunga upya. Njia zote mbili zinafanana na uhakiki wa kazi za fasihi, na zote mbili zinadai unyenyekevu.

Lakini unyenyekevu si kufutika. Kifaa kinaweza kupanga nafasi. Hakiwezi kuamua kwamba ujira wa dalali na mrabaha ni mambo mawili yanayostahili majina mawili, wala kwamba hesabu ya upungufu itangulie hesabu ya thamani. Maamuzi hayo yanahitaji mtu anayeielewa biashara ya dhahabu, anayeijua lugha ya wanaoifanya, na anayemfikiria msomaji asiyemjua. Humo ndimo mtunzi mmoja anapotofautiana na mwingine, na humo ndimo mapendeleo yake yana haki ya kuonekana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Tahajia ya msimbo ni suala la makubaliano. Kila kundi liamue, liandike uamuzi wake, na likiweza likabidhi utekelezaji kwa kifaa. Mtindo ni suala la fikra na lugha, na hauwezi kukabidhiwa kwa kifaa. Buseresere imehama kutoka Biharamulo hadi Chato na kutoka Kagera hadi Geita, na mrabaha wa dhahabu yake umetoka asilimia 3 hadi 4 na hadi 6, yote ndani ya miaka 12. Mahali kama hapo hakuna msimbo utakaobaki bila kusomwa tena.

Idara za Kiswahili zina mchango hapa ambao idara za kompyuta haziwezi kuutoa peke yake. Utafiti wa majina ya Kiswahili katika msimbo, wa matumizi ya ngeli, ukanushi na mnyambuliko ndani yake, na wa istilahi za kazi zinazofanywa kwa Kiswahili kila siku, ni uwanja ambao bado haujalimwa ipasavyo. Mchimbaji aliyeleta pointi 20 za dhahabu mezani hataiona programu inayokokotoa malipo yake. Ataona jibu tu. Anayeweza kuhakikisha kwamba jibu hilo ni la haki ni yule atakayeweza kuusoma msimbo na kuuelewa.